Habari za Nyumbani Kwetu: Chumvi imepungua, maneno yameongezeka

Juma lililopita mama watatu wa chama walitusimamisha sokoni, kila mmoja kwa saa yake, na wote walikuwa na ulizo moja: "Kwenu kuna shida gani? Tunawaona, baba na mama, mnapita njiani kabla ya jua kutoka, bila mzigo, bila kikapu. Mwenye nyumba amewafukuza?"

Hapana, wapendwa. Hatujafukuzwa. Tunatembea tu. Na kwa kuwa habari imeshazunguka mtaa, afadhali tuieleze sisi wenyewe kabla haijatiwa chumvi. Maana chumvi ndiyo habari yenyewe.

Ilianza mwezi wa 7, wakati ule wa baridi ambapo Lubumbashi yote inavaa makoti. Baba watoto alimsindikiza nkambo kwenye kituo cha afya kwa sababu ya magoti yake. Muuguzi akampima nkambo tension: 13 kwa 8. Nkambo wetu ana miaka 74! Basi baba naye, kwa mchezo tu, akanyoosha mkono apimwe: 17 kwa 11. Muuguzi hakucheka. Akamkalisha kimya kwa muda, akapima tena. Ikawa ileile. Ndipo akasema: "Baba, naona mgonjwa ni wewe. Huyu mama ndiye amekusindikiza."

Baba hakuwa anaumwa popote. Alikuwa anakula bukari yake vizuri, analala vizuri, anakoroma vizuri zaidi. Lakini tension ni mgeni asiyepiga hodi. Inakaa ndani ya nyumba miaka na miaka, na siku inapojionyesha imeshavunja kitu: moyo, figo, au kichwa. Sisi tunajua. Kaka mkubwa wa baba alianguka kazini, na mkono wake wa kuume haujashika kijiko tena mpaka leo. Kwa hiyo siku hiyo, njia nzima ya kurudi, hakuna aliyesema neno. Hata nkambo alisahau magoti.

Munganga aliandika dawa ya kila siku, akaongeza maagizo mawili: chumvi ipungue, na miguu ifanye kazi. Kuhusu chumvi alituonyesha kijiko kidogo cha chai. Mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, ndiyo kijiko kimoja hicho, bila kurundika. Na humo hesabu mkate, hesabu kidonge cha kukolezea mchuzi, hesabu samaki wa chumvi. Tulirudi nyumbani tukahesabu. Kwa sahani moja ya makayabu tulikuwa tumeshamaliza kijiko, na chakula cha jioni kilikuwa bado kwenye mbabula.

Juma la kwanza lilikuwa vita. Mtoto wetu wa mwisho alionja sombe akauliza kama siku hizi tunakula pamoja na mbuzi. Wakubwa walianza kupenda sana kutembelea shangazi yao saa za chakula. Na siku ya nne tulimkamata nkambo mezani, amefunga chumvi kwenye pindo la kitenge chake, kama mtu anayeficha pesa ya likelemba. Alipoulizwa alijibu kwamba tension si yake, yeye ana 13 kwa 8, karatasi ipo.

Kweli, alikuwa na haki. Lakini tulikubaliana kwamba chungu ni kimoja. Hatuwezi kumpikia baba peke yake kama mfungwa, maana mtu anayekula chakula cha peke yake hawezi kuvumilia muda mrefu. Basi tukaanza kujifunza kupika upya, sisi ambao tulidhani kupika tunakujua.

Haya ndiyo tuliyopata, na tunawapa bila malipo. Tomati na vitunguu vikikaangwa polepole, mpaka maji ya tomati yaishe kabisa, vinaleta utamu ambao zamani tulikuwa tunautafuta ndani ya kidonge. Kitunguu saumu na tangawizi vitwangwe pamoja, vitiwe kwanza. Ndimu ikamuliwe mwishoni, chungu kikiwa kimeshashuka motoni: ulimi unadhani umeona chumvi. Lenga-lenga na matembele vinapenda karanga za kutwanga. Ndakala, onja mmoja pale pale sokoni kabla ya kununua. Wengine wamekaushwa kwa jua tu, wengine wamelazwa katika chumvi. Na makayabu? Hatukumfukuza, maana ni ndugu. Tunamkaribisha mara moja kwa mwezi. Analala ndani ya maji usiku mzima, maji yanabadilishwa mara tatu, kisha anachemshwa na maji yale yanamwagwa.

Baada ya juma la tano hivi, kitu cha ajabu kilitokea. Tulikwenda kwenye arusi, tukapewa kuku, na wote sita tukatazamana. Kuku alikuwa na chumvi kama ya kuhifadhia ngozi! Nkambo aliomba maji mara mbili. Kumbe si mpishi aliyebadilika, ni ndimi zetu.

Sasa tuje kwenye miguu. Kila asubuhi, isipokuwa mvua ikiwa kubwa, tunatoka sisi wawili nusu saa. Mwanzoni tulitembea kama askari, baba mbele, mama nyuma, bila neno. Miguu iliuma, na mbwa wa mtaa hawakutupenda. Lakini polepole tulianza kuona vitu ambavyo vilikuwa hapa siku zote. Tuliona wanaume wakisukuma baiskeli zilizojaa magunia ya makala kutoka porini, na wamama wenye mabeseni wakiwahi soko huku wakicheka gizani. Tulisikia harufu ya mkate wa kwanza. Mwezi wa 9 na wa 10 jakaranda zilimwaga maua ya zambarau barabarani, tukatembea juu yake kama wakubwa wa nchi. Na sasa maembe yameanza. Tunanunua mawili wakati wa kurudi, tunayala kabla ya kufika nyumbani, kisha tunajifuta midomo vizuri. Watoto wasisome sehemu hii.

Ila raha kubwa kuliko zote haikuwa embe. Katika ndoa ya miaka 22, maneno yetu yalikuwa yamebaki machache: makala yameisha, minervali imefika, nani amechukua kadi ya umeme. Njiani hakuna makala wala minervali. Asubuhi moja baba alisema, bila kugeuza uso, kwamba tangu kaka yake aanguke amekuwa akihesabu miaka yake kila usiku, na kwamba ndiyo maana hakutaka kupimwa kamwe. Siku ile ya kituo cha afya mchezo wake haukuwa mchezo. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja na woga huo, na hatukuujua. Tulitembea hatua nyingi bila kujibu. Kisha tukashikana mikono, sisi wazee, barabarani, na kama kuna mama wa chama aliyetuona siku hiyo, basi ameona kweli.

Tusiwadanganye kwamba yote ni mazuri. Mwezi wa 9 baba alijisikia mwenye nguvu, akaacha dawa juma mbili bila kusema. Alidhani miguu inatosha. Alipopimwa ilikuwa 16, na muuguzi alimkemea kama mtoto wa shule. Dawa ni ya kila siku, hata siku unapojisikia kijana. Ukitaka kupunguza, muulize munganga, usijiulize mwenyewe. Sasa pesa ya dawa tunaiweka kando kabla ya sabuni na kabla ya sukari. Kipimo cha juma lililopita kilikuwa 14 kwa 9. Bado hatujafika, lakini tuko njiani.

Basi, wapendwa, tunawaomba mambo mawili. Siku mtakayompeleka mtu kituo cha afya kwa magoti au kwa malaria, nyoosheni na ninyi mkono, na muwaambie waume zenu wanyooshe wao pia. Na mkituona gizani bila kikapu, msitupe pole. Tupeni mapishi mapya, maana nkambo ameanza tena kufunga kitu kwenye pindo la kitenge, na safari hii anasema ni tangawizi.

Mbaki salama. Tutaonana katika mkutano.