Umeme wa Inga, moteri za Kolwezi: laini inapita, vijiji vinabaki gizani

Mu viwanda vya shaba na kobalti vya Lualaba, mashine zikisimama zote kwa mara moja, mara nyingi hakuna iliyoharibika. Umeme umeshuka kidogo tu, hata sekunde moja haijafika. Taa ya nyumbani inapepesa na kuendelea. Moteri za kiwanda haziendelei.

Sababu iko ndani ya sanduku ambalo mafundi wanaita variateri. Siku hizi pampu nyingi, mikanda ya kubeba mawe na mafeni makubwa haviunganishwi moja kwa moja na laini. Variateri inapokea umeme wa kawaida, ule wa kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, inaugeuza kuwa wa mkondo mmoja kama wa betri, kisha inautengeneza upya kufuatana na mwendo ambao moteri inahitaji. Faida yake siyo ndogo. Moteri kubwa ikiwashwa bila kifaa hicho inavuta umeme mara tano mpaka saba kupita kawaida yake, na majirani wanaona taa zao zinafifia. Tena pampu ya kuzungusha maji ikipunguzwa mwendo kwa asilimia 20, inaweza kula karibu nusu tu ya umeme wake wa mbele.

Lakini variateri iko na roho nyepesi. Ikiona umeme wa laini umeanguka, inajizima ili isiungue. Kompyuta inayoongoza kiwanda inaona pampu moja imesimama, inasimamisha ya pili, na ya tatu. Kuwasha tena ni hatua kwa hatua, na pengine saa nzima inapotea. Ndiyo maana kampuni kubwa zinaweka jenereta za mazuti hata kama ziko kwenye laini ya SNEL, na zingine zinanunua umeme Zambia. Mwaka 2024 ukame ulipopunguza maji ya Kariba, mlango huo nao ukawa mwembamba.

Ajabu ni kwamba laini kubwa inayolisha migodi inafanya kazi karibu kama variateri yenyewe. Inga–Kolwezi, iliyomalizika 1982, iko na urefu wa kilomita 1.700 hivi. Kule Inga umeme unageuzwa kuwa wa mkondo mmoja, unasafiri kwa volti 500.000, na Kolwezi unarudishwa kuwa wa kawaida. Kwa safari ndefu namna hiyo, ufundi huo unapoteza umeme kidogo zaidi. Wengi waliona pia siasa ya Mobutu ndani yake: Katanga itegemee swichi ambayo iko mbali, upande wa Kinshasa.

Na hapo ndipo raia alipoachwa. Kwenye laini ya kawaida unaweza kuweka kabini na transfoma, ukashusha umeme kwa kijiji. Kwenye laini ya mkondo mmoja transfoma haifanyi kitu. Kunahitajika kituo kizima cha kugeuza umeme, cha pesa nyingi sana. Basi nguzo zinapita katikati ya mashamba, mama anapika na makala chini ya waya, na umeme unaenda kuzungusha moteri za mgodi. Inchi ya Inga, lakini karibu mtu mmoja tu kati ya watano ndiye mwenye umeme.

Sasa kampuni za migodi zinalipia matengenezo. Kamoa-Kakula ilikopesha SNEL pesa za kutengeneza turbine namba 5 ya Inga II, yenye megawati 178, na inarudishiwa kwa punguzo kwenye faktire zake. Mgodi una haki ya kutaka umeme usioyumba. Lakini deni likilipwa kwa faktire, SNEL inapokea pesa kidogo kutoka kwa mteja wake mkubwa, miaka na miaka, wakati transfoma za mitaa ya Kolwezi na Likasi zinangoja kubadilishwa. Nani atalipia hizo? Swali hilo wabunge wa jimbo wanaweza kuliuliza kabla mkataba mwingine wa namna hiyo haujatiwa sahihi.