Wanyonya damu katika mkesha wa Watakatifu Wote

Kila mwaka Oktoba inapokaribia kwisha tunaandika makala ileile. Tunawaonya vijana juu ya Halloween, tunaeleza kwamba maboga yaliyochongwa na barakoa za mafuvu si mila yetu, tunamtaja Shetani mara saba, kisha tunafunga. Tarehe 1 Novemba vijana walewale wanakuja Misa ya Watakatifu Wote, na simu zilizo mifukoni mwao zimejaa riwaya za wanyonya damu walizozisoma hadi usiku wa manane. Ni mara chache sana tumewauliza wanasoma nini. Mwaka huu mimi napendekeza vitabu.

Nianze na jina. Halloween ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza cha zamani yenye maana ya mkesha wa Watakatifu Wote. Papa Gregori wa Tatu, katika karne ya 8, alitabaruku kikanisa ndani ya Basilika ya Mtakatifu Petro kwa heshima ya watakatifu wote. Kuwakumbuka marehemu wote tarehe 2 Novemba kulienezwa na abati Odilo wa Cluny, Ufaransa, kuelekea mwaka 1000. Siku hizi tatu ni za wafu, na wafu ni wetu kabla hawajawa wa wauza peremende. Kwa hiyo mtu akitaka kusoma riwaya kuhusu wafu katika majira haya sioni kwa nini tumnyang'anye. Tumsaidie kuchagua.

Riwaya ninazozungumzia ni za aina mbili zilizo ndugu. Ya kwanza ni fantasia ya mjini: mizimu, wachawi na watu wanaogeuka mbwamwitu hutolewa katika misitu ya hadithi za kale na kuletwa kwenye mji wenye taa za barabarani, polisi na kodi ya nyumba. Ya pili ni riwaya ya mapenzi ambamo mmoja wa wapendanao si binadamu wa kawaida, na mara nyingi amekwisha kufa. Kwa zote mbili mimi nina swali moja tu: kitabu hiki kinafanyaje na kifo? Idadi ya mapepo hainisumbui sana.

Chukueni Twilight ya Stephenie Meyer, iliyotoka mwaka 2005. Bella, msichana wa miaka 17 katika mji mdogo wa Forks, Marekani, anampenda Edward, mnyonya damu aliyezaliwa mwaka 1901 ambaye sura yake haizeeki. Wazazi wengi Wakristo waliipokea vizuri kwa sababu wawili hawa wanangoja ndoa, na hilo silibezi. Lakini Edward huingia chumbani mwa Bella usiku, bila kualikwa, akakaa kumtazama akiwa amelala, na mwandishi anataka tuone kuwa huo ndio upendo. Binti yeyote wa parokia akinieleza kwamba kuna kijana anamfanyia hivyo, nitamwambia amweleze mama yake siku hiyohiyo. Kubwa zaidi ni mwisho wa hadithi. Katika kitabu cha nne, cha mwaka 2008, Bella anageuzwa mnyonya damu, na hapotezi karibu chochote: ana mume, mtoto, uzuri, hata baba yake bado anamtembelea. Uzima wa milele umepatikana bila mtu kupita kaburini. Frateri anayesoma makala hii atazika watu kwa miaka 40, na baadhi ya watakaokuwa wamesimama kando ya kaburi watakuwa wamejifunza habari za kifo katika kitabu kama hicho.

Sasa linganisheni na mzee wa ukoo huo, Dracula, aliyeandikwa na Bram Stoker, Mprotestanti wa Dublin, mwaka 1897. Leo tunakiona kitabu cha kale. Wakati wake kilikuwa cha kisasa kabisa: kina treni, taipu, mashine ya kurekodi sauti, watu wanaoongezewa damu, na jinamizi linalonunua nyumba London kupitia wakili. Humo mnyonya damu hawezi kuingia nyumba kwa mara ya kwanza mpaka mmoja wa waliomo amkaribishe. Sharti hilo dogo lina teolojia ya dhambi kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia. Na humo Mina, mwanamke aliyeumizwa na Dracula kuliko wote walio hai, anawasihi wanaume wanaomwinda wamhurumie, maana naye ni roho iliyopotea. Wanamwinda bado, lakini ombi lake linabaki kichwani mwa msomaji hadi ukurasa wa mwisho.

Wanateolojia watacheka mahali fulani. Profesa Van Helsing, Mkatoliki, anasaga Hostia Takatifu na kuifanya kama lipu ya kuzibia kaburi, akidai amepewa rehema ya kufanya hivyo. Hakuna askofu, wala Papa, awezaye kutoa ruhusa ya namna hiyo. Stoker hakuwa na Mkatoliki wa kumuuliza, au hakuuliza.

Anayetaka kitu cha siku hizi aende Chicago kwa Jim Butcher. Mfululizo wake, The Dresden Files, ulianza mwaka 2000, na mhusika mkuu ni Harry Dresden, mchawi mpelelezi aliyetangaza kazi yake katika kitabu cha simu. Vitabu viwili vya kwanza ni vya kupitisha wakati. Cha tatu, Grave Peril, kinamleta Michael Carpenter, seremala, mume, baba wa watoto wengi, anayesali kweli na anayebeba upanga wenye msumari wa Msalaba ndani yake. Nimesoma riwaya nyingi za kidunia ambamo Mkristo mwema ni mnafiki anayengoja kufichuliwa. Michael hafichuliwi. Ni mtu mwema tu, na Butcher anaweza kumfanya apendeze, jambo ambalo ni gumu kuliko kuandika shetani. Katika kitabu cha tano, Death Masks, yeye na wenzake wanapambana na watu waliopokea vipande thelathini vya fedha vya Yuda, kila kipande kikiwa na malaika mwasi ndani yake. Kazi ya wabeba panga hao ni kumwokoa aliyeshika sarafu, ndiyo maana wanamsihi kila mara aiachie. Mmoja wao analipa gharama kubwa, nami sitasimulia zaidi. Onyo: Butcher hana staha anapoeleza miili ya wanawake. Si kitabu cha kidato cha pili.

Kwa upande wa akina dada, Patricia Briggs ana Mercy Thompson, fundi wa magari ya Volkswagen anayeweza kugeuka mbweha, aliyeanza mwaka 2006 katika Moon Called. Havai msalaba bali kidani cha mwanakondoo, naye ana sababu zake za kiimani. Mkatoliki atabishana naye kuhusu msalaba, na ubishi huo peke yake unatosha kikao kizima cha jumuiya.

Hapa najua mlezi mmoja amekwisha kukunja uso: uchawi kwetu si mchezo. Ana haki. Kiingereza kina maneno kadhaa ya kumwita mtu kama Dresden, mengine ya kuchekesha watoto. Kiswahili kina mchawi, na mchawi hachekeshi. Katekisimu katika namba 2117 inakataa uchawi wote bila kuzunguka, na mimi nasimama hapo. Isitoshe, kandokando ya Ziwa Victoria vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, na watu wenye ualbino wamekatwa viungo. Lakini waliofanya hivyo hawakutumwa na riwaya. Walitumwa na uvumi, ambao haujitambulishi kuwa hadithi. Unasema: nimeambiwa na aliyeona.

Wazee wetu waliishi na wanyonya damu wasio wa kitabu. Pwani waliitwa mumiani. Nairobi na Kampala za wakoloni walisemekana kuwa ni wazimamoto, wanaokamata watu usiku na kuwafyonza damu. Mwanahistoria Luise White alikusanya habari hizi katika kitabu chake cha mwaka 2000, na humo tunakuta kwamba katika nchi ambayo leo ni Zambia hata wamisionari wetu, Mapadre Weupe, walinong'onwa kuwa miongoni mwao. Padre aliyekuja na Injili akaogopwa kama mnyonya damu! Kijana aliyezoea kusoma hadithi kama hadithi, akaulizwa darasani nani aliitunga na kwa nini, ana kinga kidogo dhidi ya minong'ono ya namna hiyo. Anajua kwamba jinamizi lina mwandishi.

Anne Rice simpi kila mtu. Alikulia katika familia ya Kikatoliki mjini New Orleans, akaacha imani akiwa kijana, na mwaka 1972 binti yake alikufa kwa saratani ya damu kabla ya kutimiza miaka sita. Riwaya yake Interview with the Vampire, ya mwaka 1976, ina mtoto wa miaka mitano, Claudia, anayegeuzwa mnyonya damu ili asife. Anaishi, akili yake inakuwa ya mwanamke mzima, na mwili unabaki wa mtoto. Analia kwa ajili ya umbo ambalo hatalipata kamwe. Sijui kitabu kinachoonyesha kwa uchungu zaidi kwamba kukwepa kifo si sawa na kuishi. Kuna giza la kutosha humo na tamaa za mwili pia, basi asome mtu mzima, hasa mchungaji atakayeketi na wazazi waliofiwa na mtoto. Rice mwenyewe alirudi Kanisani mwaka 1998, akatangaza kuondoka tena mwaka 2010, na akafariki mwaka 2021. Mwezi wa Marehemu ni wakati mzuri wa kumwombea.

Kitabu ninachokiweka juu ya vyote ni All Hallows' Eve cha Charles Williams, Mwanglikana, rafiki wa C. S. Lewis, kilichotoka mwaka 1945, mwaka aliofariki. Lester, mke kijana, amesimama kwenye daraja la Westminster na London imekuwa kimya kupita kiasi. Anaelewa polepole kwamba ndege imeanguka na yeye amekufa. Anakutana na mumewe, anamsemesha kwa hasira za kawaida za mke aliyecheleweshewa, naye anatoweka. Kuanzia hapo mapenzi yao yanasafishwa upande huu na upande ule wa kifo. Lester anagundua kwamba hawezi kusonga mbele kabla ya kumwomba msamaha Betty, msichana aliyemdharau shuleni, na Betty huyo yuko mikononi mwa mchawi anayetaka kumtuma kwa wafu. Kinachomzuia mchawi, miongoni mwa mengine, ni kwamba zamani yaya mmoja alimbatiza mtoto Betty kwa siri. Maji kidogo na maneno machache ya mtumishi wa ndani! Sijaona riwaya nyingine iliyonifanya niielewe toharani hivi. Kiingereza chake ni kizito. Someni wawili wawili.

Asiyependa Kiingereza atafute Babu Alipofufuka cha Said Ahmed Mohamed, cha mwaka 2001, ambamo marehemu anarudi kumwonyesha mjukuu wake mwenye cheo yale asiyotaka kuyaona. Natamani waandishi wetu waandike vingine kumi vya namna hiyo, vyenye Kariakoo na Kisumu ndani yake.

Dracula kinapatikana bure na kihalali mtandaoni, na ni kirefu, kwa hiyo kianzeni wiki hii. Cha Williams ni kifupi. Mkikifungua tarehe 28 mtakuwa mmekimaliza kabla ya Masifu ya Jioni ya tarehe 31.