Ziwa Linadai Kiwanja Chake



Jua linapotua nyuma ya milima ya Kongo, ufuo wa Bujumbura hujaa watu. Vijana hucheza mpira mchangani, wazazi hununua mukeke wa kuchoma, na kiboko naye hutoka majini taratibu kwenda kula majani. Mgeni hushangilia, mwenyeji humpisha.

Wapo wasemao kwamba mnyama huyu ameuvamia mji. Lakini ni nani aliyemvamia mwenziwe? Ziwa Tanganyika hupokea mito mingi, ukiwamo Rusizi, bali lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, Mto Lukuga, huko Kongo. Mvua zikizidi, ziwa hupanda. Ndivyo ilivyokuwa katika miaka ya 1960, na ndivyo ilivyokuwa mwaka 2024, maji yalipoingia nyumba za Gatumba na Kibenga, familia nyingi zikahama. Viboko nao, malisho yao yakiisha kufunikwa, husogea barabarani.

Sheria ya maji ya mwaka 2012 ilitenga mita 150 toka ufukoni. Hiyo si adhabu kwa mwananchi. Ni kiwanja cha ziwa lenyewe.

Basi mama, usimtume mtoto ufuoni wakati wa magharibi. Nawe askari utokaye zamu usiku, usipite kati ya kiboko na maji. Na anayetaka kununua kiwanja, apime kwanza hatua toka majini: kiwanja rahisi cha ufuoni hulipiwa mara mbili, na malipo ya pili huyachukua ziwa.