Kutoa Figo si Kuvunja Amana

Ndugu Waislamu, kumezuka mazoea mabaya katika baadhi ya misikiti yetu. Mgonjwa wa figo akijitokeza nduguye kumpa moja katika figo zake, husimama mtu asiye tabibu wala mwanachuoni akatangaza kuwa jambo hilo ni haramu, kwa kuwa mwili ni amana ya Mwenyezi Mungu. Kwamba mwili ni amana ni kweli tupu. Hukumu iliyojengwa juu ya ukweli huo ndiyo batili.

Amana hutumiwa kwa idhini ya mwenyewe, na Mwenyewe (S.W.) ametufundisha katika Suratul Maida, aya ya 32, kuwa mwenye kuiokoa nafsi moja ni kama aliyewaokoa watu wote. Mbona damu twaitoa wala hapana anayekemea? Watasema damu hurudi, figo hairudi. Naam, lakini Muumba ametujaalia figo mbili, na mwenye afya huweza kuishi kwa moja.

Wanavyuoni hawakulala katika suala hili. Baraza la Wanavyuoni Wakuu wa Saudi Arabia liliruhusu mwaka 1982, na Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu likaruhusu mwaka 1988. Wapo waliopinga, akiwemo Sheikh Muhammad Mutawalli al-Sha'rawi wa Misri, nao twawaheshimu. Lakini khitilafu ya wenye elimu haimpi asiye na elimu ruhusa ya kutoa fatwa.

Ruhusa hiyo ina masharti. Mtoaji awe baleghe, mwenye akili timamu na mwenye hiari. Matabibu wampime na kuthibitisha kuwa hatapata madhara makubwa, kwani upasuaji haukosi hatari. Na pasiwe na bei. Kiungo cha mwanadamu si bidhaa. Kadhalika, mke anayetishwa talaka, au kijana fukara anayeshurutishwa na jamaa zake matajiri, huyo hakutoa bali amenyang'anywa. Hapo ndipo penye haramu, na hapo ndipo wakemeaji wetu wanyamazapo!

Zamani wagonjwa wetu walilazimika kupelekwa India. Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018. Asiyepata figo hubaki akitegemea mashine ya kusafisha damu, aghalabu mara tatu kwa wiki, kila mara yapata saa nne. Je, anayemkatisha tamaa mtoaji huchangia gharama za mashine hiyo? Huwalea mayatima mgonjwa akifariki?

Hatusemi kutoa figo ni faradhi, anayeogopa asilaumiwe. Twasema asizuiwe aliyekusudia wema. Maimamu wetu, mkiulizwa, waulizeni matabibu kuhusu mwili na wanavyuoni kuhusu sharia. Msipojua, semeni hamjui. Hilo halimvunjii imamu heshima. Fatwa ya ujinga huua.

Wallahu aalam.