Ua la Kwetu Tulidhani la Ulaya

Mpwa wangu alininunulia ua dukani, hapa hapa Mombasa. Majani yake yana manyoya mororo kama mahameli, na maua ni ya zambarau. "Mjomba, hili ni ua la Ulaya," akaniambia. Nikaliweka uani juani, pamoja na asumini zangu. Siku ya nne lilikuwa limebabuka.

Mzee mmoja wa Kaloleni alipolitazama alicheka. "Ee bwana, umelichoma! Jamaa zake wako kwetu majabalini, chini ya miti. Hawalijui jua."

Wallahi nilitahayari. Nikaanza kuuliza na kusoma, nikaona mzee kasema kweli. Mwishoni mwa karne ya 19 mtawala wa Kijerumani huko Usambara, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu za ua hili kwao. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akaliita Saintpaulia, kwa jina la bwana huyo. Leo hupamba madirisha ya Ulaya na Marekani. Nasi tunao ndugu zake katika miamba ya chokaa ya Cha Simba, karibu na Kaloleni, na katika mlima wa Mbololo huko Taita. Sisi tunaojisifu kwa kilua na afu, hili hatulijui!

Kulikuza si kazi. Chukua jani moja na kikonyo chake, ulichomeke katika udongo mwepesi wenye mboji, ndani ya chungu chenye tundu chini. Baada ya miezi miwili mitatu vitachipua vitoto. Liweke barazani penye mwangaza pasipo jua, pale mama zetu walipokuwa wakiweka mtungi wa maji. Mwagilia udongo, si majani. Wala maji yasituame, mizizi itaoza.

Lakini asiende mtu Cha Simba na jembe! Misitu ya pwani imekatwa hata ikabaki vipande vipande, na ua hili huishi kwa kivuli cha mti. Mkata mti wa juu ameua na ua la chini. Anayelitaka alinunue dukani, au amwombe jirani jani moja. Ya jabalini tuyaache jabalini, na miti yake tuilinde.

Wazee walisema, mwacha asili ni mtumwa. Ua langu lilibakiwa na jani moja zima. Nimelichomeka, nangoja.