Wema wa Tajiri Hautoshi



Hapa Mboghoni wengi wetu tulikulia nyumba zenye redio ya National, ile ya betri. Sauti yake tuliijua. Habari za walioiunda hatukuzijua.

Mwaka 1918, mjini Osaka, Ujapani, Konosuke Matsushita alianza kutengeneza vifaa vya umeme nyumbani, pamoja na mkewe na shemeji yake. Mwaka 1923 akatoa taa ya baisikeli ya betri, na mwaka 1927 jina la National likaanza.

Mwishoni mwa 1929 biashara ilianguka, bidhaa zikajaa ghalani. Wasimamizi wakashauri nusu ya watu wafukuzwe. Matsushita akakataa. Kiwanda kikafanya kazi nusu siku, mishahara ikalipwa kamili, na wafanyakazi wenyewe wakatoka kuuza. Kwa miezi miwili hivi ghala likawa tupu. Mwaka 1931 wakaunda redio yao ya kwanza.

Baada ya vita, Wamarekani walipotaka kumwondoa, chama cha wafanyakazi ndicho kilichomtetea. Mwaka 1965 wakapata juma la siku tano za kazi. Miaka hiyo hiyo kampuni ikajenga kiwanda Dar es Salaam, cha betri na redio.

Lakini tusidanganyike. Matsushita alifariki mwaka 1989. Mwaka 2001 kampuni hiyo hiyo, ambayo tangu 2008 huitwa Panasonic, iliwataka maelfu wastaafu mapema.

Wema wa tajiri huzikwa pamoja naye; mapatano yaliyotiwa sahihi hubaki. Sisi wa reli tukipata mkubwa mwema, tumshukuru, kisha tumpe kalamu atie sahihi.