Utomvu wa Mpapai na Mgongo wa Mchukuzi

Ndugu zetu wachukuzi wa bandarini na wachumaji wa karafuu wanayajua vyema maumivu yaanziayo kiunoni, yakapita pajani na kuteremka hadi unyayoni. Wengi huyaita baridi yabisi, na aghalabu sivyo. Baina ya pingili na pingili ya uti wa mgongo kuna kisahani cha gegedu chenye ute mzito ndani yake. Kisahani hicho kikipasuka, ute hutokeza nje na kuugandamiza mshipa wa fahamu. Hapo ndipo mtu mzima aliyezoea kubeba magunia hushindwa hata kurukuu.

Kwa muda wa miaka arubaini palikuwapo tiba ya maradhi haya iliyotokana na mti tulionao uani. Ndani ya utomvu wa papai bichi mna kimeng'enya kiitwacho kaimopapaini, ambacho wataalamu wa Marekani walikitenga mwaka 1941. Mwaka 1963 daktari wa mifupa wa huko, Lyman Smith, akamdunga mgonjwa wa kwanza. Sindano ndefu hupitishwa kando ya mgongo, ikiongozwa kwa picha za eksirei, mpaka katikati ya kisahani. Ute huvunjika, hupoteza maji na kunywea, na mshipa ukapata nafasi. Itakumbukwa kwamba katika miaka ya 1950 Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi zilizouza nje utomvu mkavu wa papai. Sisi tulikinga utomvu, wengine wakatengeneza dawa.

Serikali ya Marekani iliiidhinisha dawa hiyo mwaka 1982. Pakaja pupa. Madaktari wengi walijifunza kuitumia kwa siku chache tu, na madhara yakajitokeza: wagonjwa wachache walipatwa na mzio mkali, na wachache zaidi walipooza au kufariki. Hatuyafichi hayo. Lakini majaribio yaliyofanywa kwa uangalifu yalionyesha kwamba dawa iliwafaa wagonjwa kuliko sindano ya maji matupu, ijapokuwa upasuaji uliishinda. Ilikuwa ngazi ya kati, baada ya vidonge kushindwa na kabla ya kisu. Mwaka 2003 kampuni iliyokuwa ikiiuza Marekani iliacha kuiuza. Haikupigwa marufuku, wateja walikuwa wamepungua.

Basi ngazi hiyo iliondolewa na hesabu za faida, na mgonjwa hakuulizwa. Mwaka 2018 Japani iliidhinisha kimeng'enya kingine cha kazi hiyo hiyo, kondoliasi, kinachotokana na bakteria. Hatusemi kinunuliwe kesho. Tunasema maofisa wa dawa wasingoje kuletewa habari zake na mfanyabiashara. Wakapime wenyewe haja ya wananchi, usalama wake, bei yake, na mafunzo ya madaktari watakaokidunga. Na asitokee mtu wa kumpaka au kumdunga mwenzake utomvu mbichi kwa kuwa amesoma makala hii: utomvu huo huunguza ngozi, na dawa ile ilisafishwa na kupimwa kiwandani.

Kuna jambo jingine lisilohitaji sindano. Wengi wa wagonjwa hawa hupona bila kupasuliwa, baada ya wiki au miezi michache, iwapo watauacha mzigo. Kibarua wa kutwa atauachaje? Asiyebeba leo halali na chakula. Nayo magunia ya lumbesa bado yanashushwa vifuani mwa majahazi, ilhali tangu mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani limependekeza mzigo wa mwanamume mmoja usizidi kilo 55. Wanaosimamia bandari na masoko wana mizani. Waitumie kabla gunia halijapanda begani, na mchukuzi aliyeandikiwa mapumziko na daktari alipwe posho ya siku hizo kutokana na ushuru wa mizigo aliyoibeba.